Mama Breki na Vikwazo vya Uani

Jina la Mama Breki hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wanafunzi, watu wazima na akili zao, aliowafundisha udereva miaka mingi huku yeye amekaa kiti cha abiria, mguu juu ya breki ya pili. Gari la kufundishia lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu, na kwenye gari lake ya mwalimu ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi kutwa. Mwanafunzi akikaribia jiwe, breki. Akikaribia kuku, breki. Akiwaza tu kukaribia kuku, breki, na kichwa cha mtu kinakwenda mbele na kurudi kama anaitikia salamu. Mafundi wa gereji walikuwa wakimtania: "Mwalimu, wenzako wanabadilisha matairi, wewe kila siku breki!" Yeye aliwajibu kwamba hajawahi kumpeleka mtu hospitali, na hapo mazungumzo yakaisha.

Mumewe alikuwa fundi bomba, na mtaa mzima ulimwita Mzee Koki. Mtu mwembamba, mpole, mwenye utani wa chinichini ambao ukichelewa kuuelewa umekupita. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: hawezi kuona kazi mbovu akanyamaza. Mkienda kuwatembelea watu, ninyi mnakaribishwa viti, yeye keshaingia bafuni kusikiliza bomba linavyolia. Mara unamsikia huko ndani, "Nani aliwafungia hii?" kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Mama Breki aliona aibu mbele za watu, halafu wakirudi nyumbani anacheka njia nzima. Wakaishi hivyo, huyu na breki zake, huyu na koki zake, wakigombana kidogo na kupatana haraka. Wakamwoza binti yao wa pekee, wakapata mjukuu.

Halafu Mzee Koki akaanguka. Alikuwa anafunga tangi la maji juu ya nyumba ya mtu, ngazi ikateleza, nyonga ikavunjika. Akapasuliwa, akawekewa chuma, akapewa magongo. Mwanzoni kila mtu alisema ni suala la muda. Muda ukapita, na safari za Mzee Koki zikabaki zilezile: kitandani mpaka chooni, chooni mpaka kwenye kiti chake kando ya mlango wa nyuma, basi. Hapo ndipo aliponywea chai, hapo ndipo aliposikilizia redio, na hapo ndipo alipokaa kutazama uani, ambako hakukuwa na cha kutazama zaidi ya nyasi, kamba ya nguo na ukuta. Ukimuuliza hali, anasema, "Nipo." Hanuni, halii, hamlaumu mtu. Hilo ndilo lililomtia Mama Breki hofu. Mumewe angetukana, yeye angejua pa kuanzia.

Daktari hakuwaficha. Aliinua picha ya mfupa kwenye mwanga, akaikagua, akasema, "Mfupa umeunga vizuri sana. Mguu huu ni mzima. Lakini asipoutumia, misuli itasahau kazi, na ikishasahau hatatoka tena kwenye kiti." Mzee Koki akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayeelezwa habari za jirani. Walipofika nyumbani akaenda moja kwa moja kukaa mlangoni.

Usifikiri Mama Breki alikaa akamtazama. Alimvalia njuga. Kila akitoka kazini anamwendea, "Haya mzee, simama twende mpaka ukutani," anamshika kwapa huku, kiuno kule, amembana hata hewa haipiti. "Polepole. Mguu wa kushoto. Siyo huo! Angalia jiwe. Simama. Nimesema simama!" Hatua mbili tatu, Mzee Koki anatokwa jasho, anaomba kurudi. Siku moja akamwambia bila hasira, "Mwalimu, ukinishika hivyo nahisi nimeshaanguka tayari." Neno hilo lilimchoma. Akamwachia, akaenda jikoni, akafokea sufuria.

Wazo alilipata kazini. Alikuwa na mwanafunzi mmoja, mama mtu mzima, mwoga wa barabara kupita kiasi. Akiona basi anafumba macho, na wewe umo ndani ya gari hilohilo. Siku ile gari lilikuwa gereji, kwa hiyo Mama Breki akampeleka kwenye kiwanja cha mazoezi na baiskeli ya kukodi, akampangia koni, akamwambia apite katikati ajifunze kukata kona tu. Yule mama alianza kwa kutetemeka, akagonga koni, akacheka, akaipanga mwenyewe, akarudia. Akarudia tena bila kuambiwa. Mama Breki akasimama pembeni na filimbi yake mdomoni, hana kazi. Akajiambia: huyu si kwamba hofu imekwisha. Huyu ameisahau kwa sababu anacheza.

Jioni hiyo akatangaza nyumbani kwamba Jumapili ijayo kutakuwa na mashindano ya vikwazo uani, ya watoto, ndugu na marafiki. "Watoto hawachezi siku hizi," akasema, akikwepa kumwangalia mumewe usoni. "Wanakaa tu."

"Wanakaa tu," Mzee Koki akaitikia, akaongeza sauti ya redio.

Basi akajifunga kibwebwe. Gereji walimpa matairi yaliyochoka, akayajaza kwenye buti ya gari la kufundishia mpaka gari likainua pua. Koni alizitoa kazini. Jirani yake, mwanamke mshonaji waliyemwita Fundi Cherehani, mwenye mdomo mkali kuliko mkasi wake, akamletea pipa la plastiki la bluu lililokuwa na sabuni ya maji. Wakalikata ncha zote mbili kwa msumeno, wakalilaza kwenye nyasi, likawa handaki la kutambaa.

"Huu ni mchezo wa watoto au ni mtihani wa leseni?" Fundi Cherehani akauliza, maana kila kitu kilikuwa na alama ya barabarani. Mbele ya matairi, kibao cha SIMAMA. Kabla ya kamba ya kupita chini, kibao cha NJIA NYEMBAMBA. Mahali pengine mtu alitakiwa aingie kinyumenyume kati ya kamba mbili, kama gari linaloegeshwa.

"Mtoto akijua kurudi nyuma, hawezi kupotea maishani," Mama Breki akasema.

"Atajua kurudi nyuma, kwenda mbele ndiyo atashindwa. Haya, leta msumeno."

Mzee Koki alikuwa kwenye kiti chake anatazama yote hayo. Siku ya kwanza hakusema kitu. Siku ya pili akakohoa. Walipoweka ubao wa kutembelea juu ya matofali, chini kabisa, kiasi cha kiganja kutoka ardhini, hakuweza kuvumilia. "Umelala upande," akasema.

"Uko sawa," akajibu Mama Breki.

"Umelala. Leta pima maji yangu, iko kwenye sanduku la kazi, chini ya koleo."

Akaileta. Ubao ulikuwa umelala. Wakaunyanyua upande mmoja, wakaingiza kipande cha kigae, Mzee Koki akielekeza kwa kidole: kidogo, kidogo, umezidisha, rudisha. Mama Breki alikuwa ameinama, na uso wake, ambao mumewe hakuuona, ulikuwa unacheka. Tangu aanguke hakuwahi kuomba sanduku lile lifunguliwe.

Angeishia hapo angekuwa amefanya la maana. Lakini Mama Breki ni Mama Breki. Kesho yake akachukua bomba la chuma kutoka stoo, akalifunga kando ya ubao kwenye vigingi, kimo cha kiuno cha mtu mzima, liwe reli ya kushikilia. Mzee Koki akalitazama kwa muda mrefu.

"Hilo bomba ni langu."

"Nimeazima."

"Reli ya nini, Mwalimu? Mjukuu wako anaruka ukuta. Shemeji yako na tumbo lile akishika hiyo, itang'oka na yeye. Nani anayehitaji reli?"

Mama Breki akainama kukaza kigingi kilichokwisha kukazwa. Hakuwa mwongo mzuri, na mbele ya mtu huyu alikuwa mbaya zaidi.

"Mimi si mwanafunzi wako," Mzee Koki akasema taratibu. Akachukua magongo, akainuka, akaingia ndani, na mlango wa nyuma akaufunga. Siku zilizobaki alikaa sebuleni, kwenye dirisha linalotazama barabarani. Mama Breki akamalizia vikwazo vyake peke yake, roho imesinyaa. Alijua anachezea nini. Mzee huyu asiposhuka nyasini sasa, mguu ukiwa bado unakumbuka, hatashuka tena, na yeye atazeeka na mtu anayesema "nipo" huku hayupo.

Jumapili ikafika na jua zuri. Binti yao akaja na mumewe na mtoto wao wa kike, ambaye tangu ajue kusimama hajawahi kutulia, wakamwita Kiroboto. Akaja mdogo wake Mzee Koki, mwuza magodoro, mtu wa tumbo na kicheko, ambaye kwa Mama Breki ni Shemeji na kwa wengine wote pia ni Shemeji. Akaja Fundi Cherehani na wanawe. Wakaja wanafunzi wawili watatu wa zamani, na yule mama mwoga wa mabasi, amekuja na gari lake mwenyewe, mmoja wa wenye leseni amekaa kando yake, ameliegesha nje kwa kulipanga na kulipangua mpaka majirani wakatoka kutazama. Binti akamshawishi baba yake arudi kwenye kiti chake cha mlangoni. "Baba, kaa tu upate hewa." Akakubali, kwa sharti kwamba hakuna atakayemwambia chochote.

Mashindano yakaanza, na jamani, kulikuwa na raha. Kiroboto alipita mara ya kwanza kabla watu hawajajua kwamba ameanza. Mama Breki akamrudisha kwa sababu hakusimama kwenye kibao cha SIMAMA. Yule mama mwoga aliingia kwenye maegesho kinyumenyume bila kugusa kamba, akapigiwa makofi, akainama kushukuru kama bibi harusi. Shemeji akavua viatu, akatangaza kwamba ujanani aliruka mitaro, akakanyaga tairi la kwanza, likamrusha, akakaa ndani ya la pili. Watu walivunjika mbavu. Katikati ya kelele zile Mama Breki aliiba macho kutazama mlangoni, akaona mumewe anacheka, mabega yanatikisika.

Hapo ndipo alipoharibu. Furaha ilimpanda kichwani, akapuliza filimbi, akapaza sauti, "Haya, sasa zamu ya mwenye nyumba!" Watu wakapiga makofi, hawana habari. Yeye huyo anakwenda mlangoni, mikono ameinyoosha mbele tayari kushika kwapa.

Kicheko kikakauka usoni kwa Mzee Koki. "Niache," akasema.

"Mpaka kwenye ubao tu, mzee. Nitakushika."

"Nimesema niache, mama. Usinitembeze mbele za watu."

Hakupaza sauti, lakini ua mzima ulisikia. Makofi yakafa moja moja. Shemeji akaanza kutafuta viatu vyake. Fundi Cherehani, ambaye hajawahi kukosa la kusema, akageuka kutazama ukuta. Mama Breki akasimama pale na mikono yake mitupu, aibu imemjaa mpaka masikioni, na zaidi ya aibu, huzuni. Kumbe ametumia juma zima kumjengea mumewe sababu ya kukataa.

Kiroboto ndiye aliyemwokoa, bila kujua. "Bibi, wewe mwenyewe hujapita hata mara moja."

"Mimi ndiye mwalimu."

"Mwalimu anaogopa!" Kiroboto akaimba, na wana wa Fundi Cherehani wakadaka. "Mwalimu anaogopa! Mwalimu anaogopa!"

Afadhali hiyo kuliko kimya. Mama Breki akakaza kitenge chake kiunoni, akasema, "Sogeeni." Matairi akayapita, siyo kwa madaha, ila akayapita. Akasimama kwenye SIMAMA, akaangalia kulia na kushoto, watu wakaanza kucheka tena. Chini ya kamba akapita. Kinyumenyume akaingia, safi, kama gari jipya. Akafika kwenye pipa.

Sasa, kuna kanuni ambayo Mama Breki amewafundisha watu wengi mno: kwenye njia nyembamba usihangaike na gari zima, tazama vioo vyako vya pembeni, vikipita, umepita. Ni kanuni nzuri, na madereva wengi wameponea hapo. Akapiga magoti mbele ya pipa, akapima mabega yake na mdomo wa pipa, akaona mabega yanaenea, na nafasi inabaki. Vioo vimepita. Akaingia kwa imani yote. Alichosahau ni kwamba gari, likishapita vioo, haliongezeki upana huko nyuma.

Alipita mpaka kiunoni. Baada ya kiuno hakukuwa na safari tena. Akajaribu kwenda mbele, pipa likaja naye. Akajaribu kurudi, kitenge kikajikunja kikawa kabari. Kichwa na mikono viko nje upande mmoja, miguu iko nje upande wa pili, na katikati mwalimu wa udereva amejaa pipa kama mto kwenye foronya ya mtoto.

"Nimekwama," akasema.

Walicheka, na yeye akacheka, mpaka alipogundua kwamba akicheka anabanwa zaidi. "Msinichekeshe! Jamani, nakosa pumzi kweli!" Hapo wakaanza kumwokoa, na uokoaji wenyewe ulikuwa balaa. Shemeji akamkamata mikono akavuta. Binti akasukuma kutoka nyuma. Mkwe akalishika pipa, akalizungusha, na mama mkwe wake akazunguka nalo. Fundi Cherehani akasema aletewe mkasi mkubwa, likatwe.

"Likatwe na mimi ndani?"

"Nitakata pembeni pembeni."

"Wewe usinisogelee!"

Kutoka mlangoni ilisikika sauti. "Msivute! Kilichokwama hakivutwi!" Hakuna aliyesikia, au walisikia wakadhani ni maneno ya mgonjwa. Shemeji alikuwa amekaza mguu kwenye pipa, amelala nyuma, anavuta kama anang'oa muhogo. Mama Breki akapiga ukelele wa maumivu ya kweli. "Nimesema msivute!" ile sauti ikapaa. "Mtamng'oa bega! Nani aliwafundisha kazi hii? Acha, acha, acha mkono wake!"

Halafu ghafla kelele zikakatika. Shemeji akaachia mikono. Mama Breki akiwa amelala kifudifudi, kidevu kwenye nyasi, alichoweza kuona ni kipande kidogo cha ardhi mbele yake na miguu ya watu. Akaona miguu ya Shemeji inarudi nyuma. Akaona miguu ya Kiroboto imesimama, haichezi, jambo lisilo la kawaida. Akasikia nyasi zinakanyagwa taratibu. Kisha, kutoka upande wa mlango, zikaja kandambili za kahawia. Moja. Nyingine. Ya pili ikiburuzika kidogo. Alizijua, alizinunua mwenyewe. Akatafuta ncha za magongo pembeni yake, hakuziona.

Maneno yote ya kazi yake yakamjaa mdomoni kwa pamoja: polepole, angalia tairi, mguu wa kushoto, kuna koni hapo, simama, simama, simama. Akayameza. Kuyameza huko ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, maana mumewe alikuwa anapita kati ya matairi na vigingi na yeye hawezi hata kunyoosha mkono. Akaogopa kwamba akisema hata "mzee" tu, mwenyewe atakumbuka kwamba hana magongo. Akabana meno, akahesabu moyoni kila kandambili iliposhuka.

Zikafika, zikasimama. Goti likashuka nyasini, taratibu, kwa mlio, na la pili likafuata. Uso wa Mzee Koki ukatokea, umejaa jasho na hasira ya fundi. Hakumtazama usoni kwanza. Alitazama mdomo wa pipa, akaingiza kidole, akazungusha.

"Maji," akasema. "Na sabuni ya vyombo. Kiroboto, mbio." Kiroboto akaruka. "Ninyi wengine kaeni mbali, mmeshamzibisha vya kutosha." Akavuta kitenge kilichojikunja, akakinyoosha. Akamimina povu kuzunguka kiuno chote, kwa utulivu, kama wakati ule anafungua sinki za watu. "Mwalimu, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Toa pumzi. Yote. Sasa geuka ubavu. Siyo huo, ule mwingine, ule unaolalia ukinikasirikia."

Mama Breki akageuka ubavu ule. Mzee Koki akaweka kiganja kimoja kwenye pipa, akalisukuma nyuma kidogo, akalizungusha robo, na mkewe akateleza akatoka mzimamzima, kitenge, povu na kila kitu, akalala kwenye nyasi akitazama mbingu.

"Kazi ndogo tu," Mzee Koki akawaambia wale waliosimama. "Mlikuwa mnaiharibu."

Ndipo akainua kichwa, akakiona kiti chake. Kilikuwa mbali, kule mlangoni, na magongo yameegemea ukutani kando yake. Akakitazama, akatazama magoti yake mwenyewe yaliyo kwenye nyasi, na rangi ikamtoka. Shemeji akafungua mdomo aseme kitu kikubwa cha furaha, na binti akamkanyaga mguu kwa nguvu zake zote. Mkono wa Mama Breki ulianza kunyanyuka wenyewe kumwendea mumewe. Akauvuta, akaukalia.

"Kiroboto," Mzee Koki akasema, "niletee gongo moja."

"Moja tu, babu?"

Akafikiri. "Moja tu."

Akainuka kwa gongo moja, akitetemeka, akatembea mpaka kitini. Alisimama njiani mara kadhaa, na kila aliposimama, watu wazima wote uani walijifanya wana shughuli. Fundi Cherehani alipanga koni ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Alipokaa, Mama Breki alikwenda ndani kuvua nguo zilizolowa, akafunga mlango wa chumbani, akalia kidogo, akanawa uso, akarudi kugawia watu chai.

Wageni walipoondoka, jua bado liko juu ya ukuta, wakakaa wawili mlangoni. Mzee Koki alikuwa anautazama ubao.

"Kesho asubuhi," akasema.

Mama Breki akanyamaza. Alikuwa anajifunza.

"Kesho asubuhi, kabla ya jua kali, nitaujaribu ule ubao. Na wewe hutakuwepo."

"Sitakuwepo."

"Usisimame mlangoni."

"Sisimami."

"Wala dirishani usichungulie, Mwalimu. Nakujua."

"Hapo sasa unanionea," akasema Mama Breki, na wote wawili wakacheka. Lakini aliahidi.

Asubuhi akampa chai yake, akasikia anainuka, akasikia mlango wa nyuma unafunguliwa. Sinki la jikoni liko chini ya dirisha, na Mama Breki hakujiamini hata kidogo, kwa hiyo akachukua beseni, akaliweka mezani upande wa pili, akasimama ameupa ua mgongo, akaanza kuosha vikombe. Akasikia magongo kwenye saruji. Akasikia magongo kwenye nyasi. Kisha akasikia yanaegemezwa mahali, yote mawili, moja baada ya lingine, na baada ya hapo hakusikia kitu.

Akaosha kikombe. Akakiosha tena. Ubao ukalia mara moja, mlio mfupi wa mbao iliyobeba uzito. Kimya. Mama Breki alikuwa ameogopa mara nyingi maishani, malori yamemjia uso kwa uso, lakini hakuwahi kuogopa hivi, amesimama jikoni kwake, mikono kwenye maji ya vuguvugu. Ubao haukulia tena. Amesimama? Amekaa? Ameanguka juu ya nyasi, nyasi hazina mlio? Shingo yake ilitaka kugeuka, akaishikilia. Akatazama ukuta ulio mbele yake, wenye kalenda ya kampuni ya matairi, akaisoma tarehe zote za mwezi bila kuelewa hata moja. Ubao ukalia. Ukalia tena, karibu karibu. Kisha kimya kingine, kirefu kuliko cha kwanza, na yeye akasema kwa sauti, peke yake, "Sichungulii. Sichungulii mimi."

"Mwalimu!"

Akadhani masikio yanamdanganya, akaendelea kuosha.

"Mwalimu we! Umelala?"

Akatoka mbio na kikombe mkononi, maji yanachuruzika mpaka kwenye viwiko. Mzee Koki alikuwa amesimama upande wa pili wa ubao, karibu na ukuta kabisa, mahali ambapo hakuwahi kufika tangu aanguke. Magongo yalikuwa huku, upande wa mlango. Amelowa jasho mgongo mzima, na macho yake yana furaha ambayo mkewe alikuwa ameshaanza kusahau jinsi inavyoonekana.

Mama Breki akasimama kwenye kizingiti. Miguu ilitaka kushuka ngazi, akaikataza.

"Sasa narudi," Mzee Koki akasema. "Safari hii unaruhusiwa kutazama."

Basi Mama Breki akakaa kwenye ngazi ya mlango, kikombe mapajani, akamtazama mumewe akirudi.